Gia Boksi Kwenye Sakafu ya Mzee Sudi

Jumatatu, 2 Februari

Nilikuwa Busunzu tangu alfajiri kununua mzigo. Maharage ya njano, mazuri, makavu. Nimepakia, nimelipa, nimegeuza. Njiani hakuna shida mpaka kile kilima cha mwisho kabla ya kuingia Kasulu. Hapo nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari halisogei. Kama mtu anayepiga kelele za kazi huku amekaa. Halafu harufu ya kuungua.

Nikaegesha. Nikasubiri lipoe. Nikaweka gia ndogo, likajikokota kama mgonjwa anayeshika ukuta. Limefika uani kwangu, likagoma kabisa. Mbele haliendi, nyuma haliendi.

Dismas ametoka na futi ya kupimia shingoni, alikuwa anashona sare. Amechomoa kijiti cha oili ya gia boksi. Nyeusi. Inanuka kama sufuria ya ugali ulioungua. Mume wangu si fundi wa magari, lakini hata fundi cherehani anajua kitu kilichoungua.

Wiki mbaya kuliko zote. Jumapili hii Mama anatakiwa kuwa Munanila, kule mpakani. Dada yake, mama mkubwa Spesioza, anavuka kutoka Burundi kuja kumtazama mjukuu wake aliyejifungua pale. Ana kibali mpaka Jumatano ijayo. Mama na dada yake hawajaonana tangu Mama akimbie vita na mimi mgongoni. Sisi tukawa Watanzania, mama mkubwa alibaki kule na shamba. Sauti kwenye simu tu, miaka yote.

Na Mama amekwisha kumtangazia dada yake: mwanangu ataniendesha mwenyewe, kwa gari lake.

Nimeshusha magunia peke yangu kwa hasira.

Jumanne, 3 Februari

Fundi Remi amekuja. Ni Mkongomani, alianza kwa kutengeneza baiskeli kambi ya wakimbizi, sasa ndiye tunayemwamini hapa mjini kwa gari za otomatiki. Amekuja na mkono wa kulia kwenye plasta. Alianguka na pikipiki wiki iliyopita. Nilitaka kulia nilipouona ule mkono.

Amesikiliza, amenusa, ametikisa kichwa. Gia boksi imekufa. Rafiki yake Mwanza anayo iliyotumika, nzima, ataipakia kwenye basi. Lakini hii lazima ishuke kwanza, na gereji yake bila mkono wake imefungwa.

Dismas akasema tukodi gari la kumpeleka Mama. Mama akasikia kutoka ndani. Hapana. Mara ya mwisho gari la kukodi lilimrusha kwenye mashimo mpaka nyonga ikavimba. Anataka gari la mwanaye au atabaki. Ndivyo alivyo.

Remi akatutazama, mimi na Dismas. Akasema, "Mikono minne iko hapa. Mimi nitakaa kwenye kiti na kusema. Ninyi mtafanya."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema sharti moja: hakuna mtu kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hata kwa dakika. Hata kuokota spana. Alimwona kijana wa bosi wake akipoteza mguu hivyo. Aliposema hayo alitazama chini.

Tumejaribu kuinua uani. Jeki imezama kwenye udongo mwekundu kama mwiko kwenye uji. Mvua ya juzi. Haiwezekani hapa.

Sijui tunafanya nini. Lakini kuna kitu kinachonifurahisha. Sijawahi kuona ndani ya kitu ninachokiendesha kila siku.

Jumatano, 4 Februari

Sakafu imepatikana! Mzee Sudi, jirani mwenye duka, ana sakafu ya saruji nyuma ya duka lake ya kuanikia maharage. Ngumu, tambarare. Watu wake asili ni wa Pangani, na anazungumza kama anayesoma barua. Nilimwomba kwa unyenyekevu wote.

"Mwanangu Goreti," akasema, "sakafu ni yako. Ila tone la oili lisiiguse. Hapa kinaanikwa chakula cha watu."

Akaanza mwenyewe kuzoa maharage yake.

Kulisukuma gari kumekuwa sherehe. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani wametua ndoo zao wakasukuma. Mama kwenye kiti chake mlangoni anapiga makofi, anatoa amri kwa Kiha na Kiswahili kwa pamoja. Tumetandika turubai na maboksi yaliyofunguliwa. Betri imechomolewa waya kwanza kabisa. Kabari mbele na nyuma ya magurudumu, na gari bado liko chini.

Halafu kuinua. Polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo. Stendi nne za chuma za Remi chini ya fremu, si chini ya bati. Na bado akataka magogo yapangwe msalaba pembeni, kama stendi zikisaliti. Tulipomaliza akatuambia tulisukume kwa nguvu kutoka ubavuni. Nimesukuma nikiwa nimefumba macho. Halikutikisika.

"Likianguka, lianguke sasa, ninyi mkiwa nje," alisema.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia chini ya gari langu. Kuna giza na kuna matope ya kila kijiji nilichowahi kufika.

Alhamisi, 5 Februari

Kumwaga oili. Imetoka polepole, nyeusi, na vumbi la chuma linalometa ndani yake. Beseni limejaa, tumebadilisha beseni. Sakafu safi. Mzee Sudi amepita mara nyingi kuliko biashara yake inavyohitaji.

Mchana tumetoa propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Remi kwanza akatuagiza tutie alama ya chokaa pale inapoungana, ili irudi kama ilivyotoka. Nzito. Dismas ameipokea kifuani.

Halafu waya. Soketi ni nyingi na zinafanana. Hapa mume wangu amenishangaza. Amekwenda kuleta vipande vya vitambaa: nyekundu, kijani ya sare ya shule, kitenge cha gauni langu la Pasaka. Kila soketi na mahali pake vimefungwa kitambaa cha aina moja. Remi ameangalia muda mrefu, akasema gereji yake yote haijawahi kuona hivyo. Dismas amejifanya hakusikia, lakini jioni nzima alipiga mluzi.

Tumegombana pia. Niandike ukweli. Tulikuwa tumetoa stendi moja kuisogeza, gari liko kwenye jeki, spana ikaviringika chini. Dismas akainama kuifuata. Nimemkamata mguu nikamvuta kama mbuzi. Amechubuka goti. Amenikasirikia, nimemkasirikia, Remi ametukasirikia wote wawili. Baadaye Dismas akasema taratibu, "Asante." Tumeoana muda mrefu, hilo neno halitoki kwake mara nyingi.

Mwili wote unauma. Nina furaha ya kijinga.

Ijumaa, 6 Februari

Leo ni konveta. Hili ni bakuli la chuma, la duara, zito, limejaa oili, linakaa kati ya injini na gia boksi. Limefungwa kwenye injini kwa bolti ambazo huzioni zote. Kuna kidirisha kidogo chini. Mtu mmoja anazungusha injini kwa spana kutoka mbele, bolti moja inajitokeza dirishani, mwingine anaifungua. Kisha zungusha tena.

Mimi mbele, Dismas dirishani. "Bado. Bado. Simama! Umepitisha." Nusu siku hivyo. Bolti ya mwisho ilishika. Tumeipaka oili ya kulegeza kutu, tumengoja, tumeigonga kidogo. Haikutoka. Mzee Sudi amerudi kutoka msikitini kwenye sala ya Ijumaa, na kanzu yake nyeupe, akatandika mkeka akalala ubavu kuchungulia. Mbali na gari, lakini kanzu nyeupe! Akasema bismillahi. Dismas akavuta. Ikaachia.

Sasa kila akipita anatukumbusha kwamba bolti ile ni yake.

Mama amepigiwa simu na mama mkubwa. Keshavuka, yuko Munanila salama. Mama ameulizwa kuhusu gari. Nimemsikia kwa masikio yangu akijibu kwa Kirundi kwamba gari linaogeshwa.

Nimemtazama. Hakunitazama.

Gia boksi mpya: rafiki wa Remi anasema itapakiwa leo. Ikifika kesho asubuhi na tukifunga mpaka usiku, Jumapili tutaondoka. Remi hajasema itawezekana. Hajasema haitawezekana.

Jumamosi, 7 Februari

Gia boksi imeshuka. Nianze na hilo.

Asubuhi tumeweka jeki ya pili chini ya injini, na kipande cha mbao katikati, maana gia boksi ikitoka injini hubaki inaning'inia. Jeki pana ya Remi chini ya gia boksi, na mnyororo wa kuizunguka. Chini ya vyote tumepanga matairi ya zamani. Nikamwuliza ya nini. Akasema ni godoro.

Bolti za kuizunguka zikatoka moja moja. Tukavuta. Haiji. Tukatikisa. Haiji. Remi akiwa kwenye kiti akafumba macho, akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono mzima, akasema kuna moja juu, imejificha nyuma ya bomba. Ilikuwepo. Nimeifikia kwa kupapasa tu, kwa kuwa mkono wangu ni mwembamba. Nimeifungua bila kuiona.

Ikaanza kutoka. Inatakiwa irudi nyuma ikiwa imenyooka, na konveta ibaki ndani yake. Ikatoka shingo upande. Mnyororo ukateleza, jeki ikainama. Nikaona konveta inaanza kuchungulia nje kama ulimi.

"Atansio! Toeni mikono! Wote nje! Iacheni!" Remi alipiga kelele, Kifaransa kikamtoka.

Mikono ilitaka kuidaka. Hiyo ndiyo akili ya mwili, kudaka kinachoanguka. Dismas alinisukuma, nami nilimvuta, tukatoka kila mmoja kwa upande wake. Gia boksi ikaanguka kwenye matairi. Bum. Ikaruka kidogo. Ikatulia. Gari juu ya stendi halikusogea hata unywele.

Remi hakuuliza habari ya chuma. Alisema tumwonyeshe mikono. Tukainua mikono kama watoto wa darasa la kwanza. Akasema miguu. Tukaonyesha miguu. Hapo ndipo akakaa tena kitini, na uso wake ulikuwa umelowa jasho. Halafu Dismas akaanza kucheka. Mimi nikafuata. Tulicheka mpaka Mzee Sudi akaja kuuliza kama kuna msiba au arusi.

Ni mnyama mkubwa, ile kitu. Nimeipangusa kwa tambara. Sisi wawili tumeishusha. Mimi, muuza maharage, na fundi cherehani!

Saa kumi simu ikaja kutoka Mwanza. Mzigo haukupakiwa jana. Basi lilijaa. Utapakiwa kesho.

Basi. Imekwisha.

Nimekwenda kumwambia Mama mwenyewe. Alikuwa amepanga kitenge chake kipya kitandani, na kilemba, na kopo la asali ya kumpelekea dada yake. Alisikiliza. Akasema, "Pole kwa kazi, mwanangu." Akageukia ukuta. Angenifokea ningefurahi.

Nimelia bafuni.

Jumapili, 8 Februari

Mama hakwenda kanisani. Mimi nimekwenda, sikusikia mahubiri. Nimerudi nikavaa nguo za kazi, nikaenda kwenye sakafu kusafisha pale gia boksi ilipotoka. Remi anataka pawe safi kama sahani. Na sikutaka kukaa nyumbani na ule ukimya.

Nilikuwa nimelala chini ya gari, miguu tu ndiyo iko nje. Nikasikia gari linasimama barabarani. Nyayo. Halafu mayowe ambayo sijawahi kuyasikia. "Mana yanje! Mungu wangu! Limemponda! Limemponda mtoto wa mdogo wangu!"

Mtu akanikamata vifundo vya miguu akaanza kunivuta. Ana nguvu! Nikapiga kelele kwamba niko mzima. Nikatoka kwa mgongo, nimelala kwenye boksi langu, nikatazama juu, nikauona uso wa Mama. Uso wa Mama, ila na meno ya mbele yenye mwanya, na jua nyuma yake.

Mama mkubwa Spesioza.

Amekuja mwenyewe. Jana usiku Dismas alimpigia simu bila kutuambia, akamweleza kila kitu, hata kwamba gari halikuwa linaogeshwa. Akasema, "Kama mdogo wangu haji, mimi nina miguu." Pikipiki kutoka Munanila mpaka Buhigwe, kisha gari la abiria mpaka Kasulu. Ni mkubwa kuliko Mama. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Nilimshika mkono kumpeleka nyumbani, mkono wangu wenye oili kwenye mkono wake. Hakujali. Mama alikuwa kitini mlangoni, ameinamisha kichwa, anachambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa.

Mama mkubwa akasimama uani. Hakumwita jina. Alimwita kwa jina la utoto, ambalo mimi sikulijua: "Kanyana." Ndama mdogo.

Ungo ukaanguka. Mchele uani kote. Mama akasimama bila fimbo. Bila fimbo! Akatembea. Hawakukumbatiana mara moja. Walishikana nyuso kwanza, kila mmoja kwa mikono miwili, wakawa wanapapasa mashavu, paji, masikio, kama vipofu. Mama akasema, "Umezeeka." Mama mkubwa akasema, "Na wewe ni mbaya zaidi." Ndipo wakaangukiana.

Dismas alikuwa nyuma ya mlango anajifuta macho kwa futi yake ya kupimia. Nampenda yule mtu. Naandika hapa kwa sababu kumwambia naona aibu.

Kuku wamepata kula mchele.

Jumatatu, 9 Februari

Mzigo umefika na basi la asubuhi. Umefungwa kwenye gunia na kamba za mkonge. Remi ameufungua kama mtu anayemfungua mtoto nguo. Amenusa oili iliyobaki ndani. Nyekundu, safi. Ametabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Sasa hofu nyingine. Kibali cha mama mkubwa kinaisha keshokutwa. Lazima arudi Munanila, avuke. Na Mama amesema, mbele ya watu wote, kwamba dada yake hapandi tena pikipiki na mifupa ile. Tutampeleka kwa gari letu. Mama hajifunzi.

Kabla ya kuipandisha, konveta iingie ndani kabisa ya gia boksi. Isipoingia mpaka mwisho, utavunja kila kitu ukikaza bolti. Unaizungusha ukiisukuma taratibu, inadondokea ndani, tok. Unafikiri imekwisha. Unaendelea, tok tena. Remi aliweka sikio karibu kama daktari. "Bado moja." Tukazungusha. Tok. "Sasa."

Dada wawili wamehamishia viti vyao kwenye baraza la duka la Mzee Sudi kututazama. Wanachambua maharage yake bila kuombwa. Wanaimba nyimbo za kulima. Wanagombana nani alivunja mtungi wa bibi yao. Mtungi uliovunjika hata mimi sijazaliwa! Mama mkubwa anasema ni Mama. Mama anasema ni mbuzi.

Tumeipandisha mara mbili. Mara ya kwanza ilikataa. Hatukulazimisha. Tumeishusha, tumekunywa chai, tumeipandisha tena imenyooka, ikaingia kama mkono kwenye mkono wa shati. Hayo ni maneno ya Dismas.

Jumanne, 10 Februari

Bolti zote. Propela kwa alama zake. Vitambaa kwa vitambaa, nyekundu kwa nyekundu, kitenge kwa kitenge. Mvua ilitukatiza mchana, tumefunika kwa turubai, tumekaa barazani wote sita, tukala mahindi ya kuchoma. Remi alitusimulia kuhusu ziwa na mji alikozaliwa. Hajawahi kutusimulia.

Oili mpya. Betri. Tukakagua chini, vifaa vyote vimetoka. Magogo yakatoka, stendi zikatoka moja moja, gari likashuka kwenye magurudumu yake.

Nikawasha. Imewaka. Nimekanyaga breki, nimepitisha gia zote taratibu kama Remi alivyoagiza, tumeongeza oili kidogo, tumechungulia chini. Hakuna kinachovuja.

Nikaweka rivasi. Nikaachia breki.

Likarudi nyuma. Laini, bila kishindo, kama halijawahi kuumwa. Mama mkubwa akapiga vigelegele, Mama akapokea, na wanawake wa jirani wakapokea bila kujua kuna nini. Remi akapiga plasta yake kwa ngumi ya kushoto na akajiumiza. Nimezunguka mtaa mzima na taa zimewaka mchana. Dismas pembeni yangu anapunga mkono kama mbunge.

Mzee Sudi amekagua sakafu akiwa ameinama, mikono mgongoni. Tone moja, karibu na ukingo. Nikaomba radhi nikakimbilia sabuni. Akanizuia.

"Liache," akasema. "Hapo sitaanika."

Jumatano, 11 Februari

Tumeondoka na ukungu. Dada wawili nyuma, wameshikana vidole, Dismas mbele na mimi. Milima ya Buhigwe ilikuwa imejifunika. Nilikwenda polepole, si kwa sababu ya gari.

Munanila tumemwona mtoto mchanga. Mama amempakata muda mrefu. Kisha mama mkubwa akachukua kifurushi chake, na kopo la asali alilopewa, na kitenge kipya cha Mama juu ya mabega. Walinong'onezana kitu. Sikuuliza ni nini. Hapakuwa na kilio. Alipofika kwenye kona ya kwenda mpakani hakugeuka, na Mama akasema ndivyo alivyokuwa tangu utotoni, hageuki akiondoka.

Kurudi, Dismas amekaa nyuma. Mama mbele.

Gari la otomatiki halidai mkono wa kushoto. Barabara iliponyooka, Mama aliuchukua wa kwangu akauweka pajani pake, na mikono yake yote miwili juu. Penye kona nauchukua, nauhitaji kwenye usukani. Baada ya kona anaudai tena. Dismas alisinzia.

Tumefika nyumbani manyunyu yakianza. Nimezima injini. Mama bado ameushika mkono wangu. Tumekaa hivyo, tukisikiliza mvua juu ya bati la gari.